Furahini: Neno Lililoanza kama Salamu

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Asanteni kwa kuitikia. Naomba mwitikio huo mbaki nao, kwa sababu karibu yote nitakayosema leo yanahusu salamu. Mlinialika nizungumze juu ya furaha katika Agano Jipya, na lugha ya Kigiriki, ile wazee wetu waliyoiita Kiyunani, inavyotusaidia kuielewa. Nitaanza na mtoto mmoja mtukutu wa Misri.

Alikuwa anaitwa Theon, jina moja na baba yake. Waliishi Oxyrhynchus, mji wa Misri uliokuwa chini ya Warumi, karne ya pili au ya tatu baada ya Kristo. Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji huo mwaka 1896, wakatoa makaratasi ya mafunjo kwa maelfu: risiti, mikataba, mashtaka, barua za watu wa kawaida. Barua ya Theon mdogo ilikuwamo. Baba amesafiri na kumwacha nyumbani, naye kanuna. Anaandika kwa tahajia mbovu kabisa, lakini maneno yanachoma. Umefanya vizuri sana, anamwambia baba yake, hukunichukua. Usiponipeleka Iskanderia sikuandikii barua, sisemi nawe. Mama naye ameshachoka, amesema: huyu ananivuruga, mwondoeni. Mwishoni anatishia kwamba hatakula wala kunywa.

Katikati ya vitisho hivyo kuna kimoja nataka mkisikie. Anasema, ukienda Iskanderia sitashika mkono wako, wala *sitakukhairo* tena.

Khairo ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya "kufurahi". Mtoto anamwambia baba yake kwamba hatampa furaha tena, na maana yake ni kwamba hatamwamkia. Maana Wagiriki walisalimiana kwa neno hilo hilo. Ukikutana na mtu mmoja unamwambia *khaire*, furahi. Wakiwa wengi unawaambia *khairete*, furahini. Barua zilifunguliwa hivyo pia, na hata hii ya Theon aliyenuna inaanza: Theon kwa baba yake Theon, *khairein*. Amekasirika hataki kula, lakini mstari wa kwanza umebaki na adabu.

(Najua wengine mmeshasikia "kheri" ndani ya "khaire". Nami nilidhani hivyo mwanzoni. Hayana undugu. Kheri yetu imetoka Kiarabu, hili ni la Kigiriki, yamefanana sauti tu.)

Waliandika khaire kwenye vikombe vya mvinyo: furahi, unywe vizuri. Waliichonga pia kwenye mawe ya makaburi, mpita njia amwamkie marehemu. Neno moja likatumika mlangoni, mezani na kaburini. Sisi tuna salamu ya kukutana na tuna kwaheri ya kuachana. Wao khaire ilifanya kazi zote mbili.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanihusu mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mdogo wangu. Jumapili ya kwanza niliporudi kanisani, kiongozi wa ibada alinipokea mlangoni, akanishika bega, akasema: "Mwalimu, ondoa huzuni hiyo usoni. Biblia inatuamuru tufurahi." Alikuwa na nia njema, naamini hivyo. Lakini niliketi benchi la nyuma siku ile nikijiona mkosaji mara mbili: nimefiwa, na tena namkosea Mungu kwa kulia. Niliporudi nyumbani nilifungua Wafilipi kwa Kigiriki, sura ya nne mstari wa nne, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Nikasoma barua yote kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidogo, na sisi wasemaji wa Kiswahili tumebahatika kwa sababu lugha yetu inakionyesha. Ni ile *-ni* ya mwisho. Furahi*ni*. Khaire*te*. Ni wingi. Paulo hamwelekezi kidole mfiwa aliyeketi benchi la nyuma. Anasema na kanisa zima la Filipi, na amri yenyewe inabebwa na wote, kama jeneza linavyobebwa. Asiyeweza kuibeba leo anatembea katikati ya wanaoweza. Barua kwa Warumi, sura ya 12, inasema waziwazi: furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao. Mle ndani machozi ya mtu hayaambiwi yakauke ili shangwe ya jirani iendelee. Ni yule jirani anayeambiwa aende akalie.

Ninyi mnaofundisha shule ya Jumapili, hesabuni siku moja na watoto. Barua kwa Wafilipi ni fupi, sura nne tu, na neno *khara*, furaha, limo mara 5. Kitenzi khairo kimo mara 9. Halafu mara 2 kuna *sunkhairo*, kufurahi pamoja, na hizo mbili zimekaa mahali pazito: sura ya pili, Paulo anaposema huenda damu yake ikamiminwa kama sadaka. Hata hapo nafurahi, anasema, tena nafurahi pamoja nanyi nyote. Nanyi vivyo hivyo furahini, mfurahi pamoja nami. Wanazuoni bado wanabishana kama alikuwa amefungwa Roma au Efeso. Kwamba alikuwa kifungoni hawabishani, mwenyewe anataja minyororo yake.

Na watu wa Filipi walikuwa na sababu ya kumwamini. Kumbukeni Matendo ya Mitume 16. Paulo na Sila walichapwa viboko katika mji huo huo wa Filipi, wakatiwa gereza la ndani, miguu kwenye mkatale. Usiku wa manane wanaomba na kuimba, wafungwa wengine wanasikiliza. Tetemeko, milango wazi, mlinzi wa gereza anachomoa upanga ajiue akidhani wafungwa wametoroka. Paulo anapaza sauti: usijidhuru, sote tupo hapa. Tunapenda kuhubiri tetemeko, lakini Luka hakuishia kwenye tetemeko. Anasema mlinzi yule aliwachukua saa ile ile ya usiku, akawaosha mapigo yao. Mkono ule ule uliofunga mkatale sasa umeshika maji na unaosha damu mgongoni mwa mtu. Kisha akawaandalia chakula, akafurahi sana pamoja na nyumba yake yote. Hiyo "nyumba yake yote" kwa Kigiriki ni neno moja, *panoikei*, na Agano Jipya zima halilitumii tena.

Basi miaka ikapita, barua ikafika Filipi ikasomwa mbele ya kanisa: "Furahini katika Bwana." Maandiko hayasemi kama yule mlinzi wa gereza alikuwapo. Mimi kila nikisoma namwona ameketi pale na watoto wake. Yeye hakuhitaji kufafanuliwa kwamba mfungwa anaweza kuandika hivyo.

Kitenzi kilichotumika kwa furaha ya mlinzi yule si khairo. Ni *agalliao*, na hili ni neno la kanisa, au niseme la sinagogi kwanza. Waandishi wa Kigiriki wasiomjua Mungu wa Israeli hawakuwa nalo. Wayahudi walipotafsiri Zaburi kwa Kigiriki walihitaji neno la shangwe ya ibada, shangwe ya mdomo ulio wazi, na agalliao likakaa pale. Wakristo wakalirithi. Kiswahili chetu hapa hakikosi kitu: shangilia, shangwe, na vigelegele juu yake. Maneno mengine mtu anayaelewa kwa kuwa amewahi kusimama katikati ya akina mama harusini.

Lingine nisilopenda kulipita ni *skirtao*. Luka peke yake analitumia, mara tatu. Mtoto anaruka tumboni mwa Elisabeti mara mbili katika sura ya kwanza, halafu katika sura ya sita Yesu anawaambia wanaochukiwa kwa ajili yake: furahini siku ile na kurukaruka. Limetoka kwa wanyama wachanga. Malaki anasema mtatoka na kucheza-cheza kama ndama, na tafsiri ile ya kale ya Kigiriki inaongeza: kama ndama waliofunguliwa kamba. Aliyekulia kwenye ng'ombe hana haja ya kamusi hapa. Ndama anafungwa asubuhi ili asimalize maziwa. Anavuta kamba, analia, anamwona mama yake hatua chache tu kutoka pale alipo. Ukishamaliza kukamua ukafungua fundo, hatembei. Anaruka miguu yote minne hewani, mkia juu, anapita hata mahali ambapo hapana sababu ya kupita. Nimewahi kumwagiwa ndoo na ndama wa namna hiyo na sikuweza kukasirika. Ndilo neno Luka alilolichagua kwa mtoto aliye tumboni na kwa watu wanaotukanwa.

Kuna furaha nyingine ambayo Agano Jipya linaikwepa. Wagiriki walikuwa na *hedone*, raha, starehe ya mwili. Neno hilo limo mara 5 tu katika Agano Jipya, na kila mara linalaumiwa: linasonga mbegu, linaleta vita na magomvi. Tofauti hii kati ya khara na hedone hawakuivumbua Wakristo. Wastoiko, wale wanafalsafa waliobishana na Paulo Athene, walifundisha kwamba mtu mwenye hekima ameishinda hedone lakini anayo khara, furaha iliyotulia ya akili iliyonyooka. Mpaka hapo Paulo angeweza kukaa nao benchi moja.

Wanapoachana naye ni kwenye huzuni. Wastoiko walisema mwenye hekima ana hisia njema za aina tatu: furaha, utashi ulio sawa, na tahadhari. Kwa huzuni hawakuweka hisia njema yoyote. Mwenye hekima hahuzuniki kabisa. Akihuzunika, hekima yake haijakamilika. Nilipolisoma hili nilimkumbuka yule kiongozi wa mlangoni. Ndugu zangu, mara nyingi tunachokihubiri kwa wafiwa ni Ustoiko, na tunakitia jina la Yesu.

Paulo je? Anawaandikia Wakorintho kwamba yeye na wenzake ni "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha." Anawaambia Warumi ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni. Na katika Wafilipi, barua ya furaha, anaandika habari za Epafrodito. Huyu alitumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo mahitaji, akaugua huko karibu na kufa. Akapona. Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na si yeye tu, bali na mimi pia, nisiwe na huzuni juu ya huzuni. Huzuni *juu ya* huzuni: maana yake moja alikuwa nayo tayari, rafiki yake akifa ingekuwa ya pili.

Mstari unaofuata ndio ulioniinua kwenye kiti usiku ule. Anasema anafanya haraka kumrudisha Epafrodito kwao, "ili mkimwona tena mpate kufurahi, nami nipunguziwe huzuni yangu." Ninyi mpate kufurahi. Mimi nipunguziwe huzuni. Angeweza kwa urahisi kuandika "ninyi mfurahi, nami nifurahi". Kitenzi alikuwa nacho, kalamu ilikuwa imeshakizoea. Akaandika *alupoteros*, mwenye huzuni pungufu. Mtume aliyesema furahini sikuzote hakuona aibu kuliambia kanisa lake kwamba kwa sasa anachotarajia ni nafuu.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Alupoteros. Nililiandika kwenye karatasi nikaliweka ndani ya Biblia yangu, bado lipo.

Turudi kwenye salamu. Paulo alipoanza kuandikia makanisa alikuwa na kawaida ya barua mbele yake, ile ya Theon mdogo: fulani kwa fulani, khairein. Hakuiandika. Aliweka *kharis*, neema, akaongeza amani, salamu ya Kiyahudi: "Neema na iwe kwenu, na amani." Sikio la Mgiriki lilisikia neno lililozoeleka likigeuzwa kidogo, kwa sababu khara na kharis ni ndugu wa damu, shina moja. Kwa Kiswahili undugu huo umepotea, furaha na neema hayafanani hata herufi. Lakini ndugu zetu Wakatoliki wanalo shina hilo kila wanapotaja Ekaristi, *eukharistia*, shukrani: kharis imo katikati yake. Neema anayoitoa Mungu, shukrani inayorudi kwake, na furaha iliyoko njiani kati ya hizo mbili, Wagiriki walizisikia kama maneno ya nyumba moja. Nanyi msishangae Paulo kubadilisha salamu. Sisi tuliambiana nini nilipopanda hapa? Hatukusema hujambo.

Yakobo yeye aliibakiza salamu ya kawaida, lakini tazameni alivyoiunga. Mstari wa kwanza unamalizika na khairein, "salamu". Wa pili unaanza: *pasan kharan*, furaha tupu, hesabuni ya kuwa ni furaha tupu mkiangukia katika majaribu mbalimbali. Ni kama mtu akuambie "shikamoo", kisha mara moja akuulize unajua kweli ameshika nini.

Na watafsiri wetu walibanwa. Katika Biblia ya mwaka 1952, hii wengi tunayoiita Union Version, khairete ya Wafilipi ni "furahini". Khairete ya mwisho wa Wakorintho wa Pili ni "kwaherini": "Hatimaye, ndugu, kwaherini." Neno ni lile lile, mkono wa Paulo ni ule ule. Siwalaumu hata kidogo. Wakati mwingine mtu akiaga ameaga tu. Ila mkiisoma hiyo kwaherini, sikieni na ile nyingine chini yake.

Aliyelifuata neno hili kwa uangalifu kuliko wote ni Mathayo, na nitaishia kwake. Kwa namna ya amri, khaire na khairete, analitumia mara nne tu. Mara ya kwanza ni mlimani, sura ya tano, wakiwashutumu na kuwaudhi: *khairete*, furahini, na kushangilia. Kisha kimya, sura baada ya sura, mpaka Gethsemane. Yuda anamwendea Yesu gizani, watu wenye mapanga na marungu nyuma yake, anasema: *khaire*, Rabi. Anambusu. Marko anaposimulia busu hilo ana "Rabi" tu. Mathayo ndiye anayeweka furaha mdomoni mwa msaliti. Mara ya tatu ni askari wa Pilato. Wamemvika joho jekundu na taji ya miiba, wamempa mwanzi mkono wa kuume, wanampigia magoti: *khaire*, Mfalme wa Wayahudi. Kisha wanamtemea mate, wanautwaa ule mwanzi, wanampiga nao kichwani. Neno la furaha limeshafika chini kabisa hapo, limekuwa dhihaka. Mwenye kuudhiwa aliambiwa afurahi, na sasa wanaomuudhi ndio wanaomwambia.

Mara ya nne ni alfajiri ya Jumapili. Wanawake wawili wanatoka kaburini mbio. Mathayo anasema wana hofu na furaha nyingi, vyote viwili kwa pamoja, na hasemi kimoja kilikifukuza kingine. Njiani anakutana nao aliyesulubiwa. Amenyamaza tangu kilio cha msalabani. Neno la kwanza analolisema akiwa hai, Biblia yetu imeliandika "Salamu!", na ni sahihi, ndivyo watu walivyosalimiana barabarani kila asubuhi. Kwa Kigiriki ni *khairete*. Ni wingi, maana wako wawili. Wakakaribia, wakamshika miguu.